Bonde Kati ya Nundu Mbili

Saa nne asubuhi, Desemba, giza totoro.
Nne tangu macheo gani?
Jua lilizama Oktoba nyuma ya milima ya Svalbard
likaziacha saa zijihesabie zenyewe.

Ragnfrid anakung'uta theluji mabutini,
anatundika bunduki ya kutishia dubu,
anawasha birika kabla ya kuwasha mtambo.
Nje, sinia la chuma lisilogeuka
limelala chali, limefuata uzi wa sumaku ya dunia,
linakinga kitu kisichodondoka.

Leo wanapima elektroni,
kilomita mia tano juu ya birika.
Hakuna pishi wala kibaba cha kazi hii.
Mtambo unapiga ukelele wa wati milioni
ambao hata mbwa hausikii,
na kinachorudi ni hafifu mno,
unyayo wa sisimizi juu ya zulia
ungekuwa radi.

Wanauokota mwangwi, wanaujumlisha,
mwangwi juu ya mwangwi, dakika nzima,
mpaka kiooni anajichora ngamia:
nundu mbili,
na bonde katikati.

"Soma bonde," Veikko alimwambia siku ya kwanza,
Veikko wa Sodankylä, ndevu zinazonuka kahawa.
"Nundu zitakuita. Kila mgeni huitwa na nundu.
Lakini joto la elektroni limelala bondeni.
Likizama, ujue huko juu kumechemka."

Leo limezama.
Nyuzi elfu tatu na mia nne.
Anaandika, anafuta, anaandika tena.

Na bado, katika nafasi ya kidonge cha sukari
elektroni hazifiki laki moja,
na laki moja huko ni jangwa.
Uchi mkono wako pale ungeganda.
Kila moja inakimbia kama aliyetoroka jela,
ila haina wa kugongana naye,
haina wa kumwambukiza homa yake.
Joto lipo. Moto haupo.

Halafu kuna mtego,
aliouingia mwaka wake wa kwanza, akaaibika mbele ya watu:
mwangwi ukidhoofu, usikimbilie kusema zimepungua.
Elektroni zikipata moto kuliko ioni
hurudisha sauti ndogo, ingawa zimo, zimo zote.
Ukikosea joto, umekosea idadi.
Joto humficha aliyepo.
Aliandika hivyo kwa penseli pembeni mwa daftari
akapiga mstari mara mbili,
penseli ikakatika.

Mlima huuhuu, chini ya miguu yake,
baba yake Oddleiv alichimba makaa miaka thelathini na mmoja.
Alirudi nyumbani mweusi kope na kucha,
akala, akatazama ukuta, akalala.
Maneno ya siku nzima ungeyafunga kwenye leso.
Ragnfrid aliyahesabu, utotoni,
akaweka kumbukumbu yake kimyakimya: kidogo. Kidogo. Kidogo sana.

Sasa mzee yuko kusini, Harstad,
na mashine ya kumsaidia kupumua,
na dirisha linalotazama maegesho ya magari.

Saa saba anampigia.
Laini inakwaruza. Pumzi inaingia, inatoka.
Anangoja, kama anavyongoja kiooni,
haikatizi, anaiacha ijumlike.

"Huko juu," baba anasema mwishowe,
"kuna baridi?"

Anatazama kioo. Anatazama dirisha,
kipimajoto cha ukutani kinasema hasi ishirini na mbili.

"Inategemea unapima nini, baba."

Kimya. Pumzi. Mahali fulani nyuma yake
muuguzi anasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Basi vaa soksi mbili,"
anasema Oddleiv,
na hakati simu.